Kupanda Vilima vya Ngong na Watoto: Mtoto Akinyamaza, Simama

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, akina mama huniuliza swali moja kliniki, mara nyingi wakiwa wanamvisha mtoto baada ya kumpima uzito: "Sista, huyu naweza kumpeleka Ngong?" Shule zimefungwa, watoto wamechoka kukaa ndani, na vile vilima vinaonekana kutoka Nairobi kama vifundo vya ngumi. Nauli ya matatu si kubwa. Mimi huwajibu ndiyo, mpeleke, kisha namwambia mama aketi kidogo, kwa sababu kuna mambo ambayo mimi mwenyewe niliyajua kwa vitabu na bado nikayasahau nikiwa mlimani.

Mwanangu alikuwa na miaka saba. Tulitoka nyumbani asubuhi yenye ukungu, na kwa sababu ya baridi ile nilibeba chupa moja tu ya maji kwa watu watatu. Kilele cha kwanza alikipanda mbio. Cha pili alikuwa bado mbele yetu, anaokota mawe na kuyahesabu kwa sauti. Tukielekea cha tatu alianza kutembea nyuma yangu, kimya. Nilifurahi. Nilidhani ametulia na sasa anasikiliza. Baada ya kama nusu saa nilisikia ameketi, na nilipogeuka midomo yake ilikuwa imekauka, mikono baridi, na alipoinuka alijikwaa pahali palipokuwa tambarare kabisa. Nikampa maji akayatapika. Hapo tulikuwa tumeshuka na kupanda mara kadhaa, na njia ya kurudi ilikuwa ni kuvipanda tena vilima vile vile. Tulimbeba kwa zamu na mjomba wake. Alipona siku hiyo hiyo, lakini sijasahau kwamba ukimya niliousifu ndio uliokuwa dalili.

Kilima kidogo kinavyodanganya

Kilele cha juu kabisa cha Ngong, Lamwia, kina urefu wa takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, kwa hiyo anayetoka mjini anaona anapanda kidogo tu. Ni kweli, lakini njia haiendi juu moja kwa moja. Ukiingia upande wa mji wa Ngong unapita kwenye barabara ya murram iliyo pana, yenye mitambo ya upepo ya KenGen, ambayo hata mtoto mdogo anaitembea bila shida. Ukishaipita mitambo, njia inakuwa ya miguu: unapanda kilele, unashuka bondeni, unapanda kingine, hivyo hivyo hadi upande wa Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ukiukamilisha mgongo wote wa vilima umetembea karibu kilomita 10. Kuna sehemu zenye mwinamo mkali ambapo lazima ushike majani au vichaka vya leleshwa kwa mikono, na changarawe inateleza chini ya kiatu kama punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni.

Umbo hilo la vilima ndilo jambo muhimu kwa mlezi. Kwenye mlima wa kilele kimoja, ukichoka unageuka na kushuka, na kila hatua ya kurudi ni nafuu. Ngong ukichoka katikati, kurudi ni kupanda na kwenda mbele pia ni kupanda. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka hufanywa mapema, mtoto akiwa bado anacheka. Kanuni yangu siku hizi ni hii: tukiwa juu ya kilele cha pili tunakaa, tunakula, na ninamwangalia kila mtoto usoni. Kama mmoja wao hana hamu ya kula au anauliza "bado mbali?", tunarudi wote. Nawaambia watoto hivyo tangu nyumbani, ili asiwepo wa kulia kwamba ameharibiwa siku na mwenzake.

Mtoto huisha nguvu namna gani

Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni nyingi, kwa hiyo hupata joto haraka kuliko wewe na hupoa haraka kuliko wewe. Akiba ya sukari kwenye misuli na ini lake ni ndogo. Tena hatembei kwa mwendo mmoja. Anakimbia, anasimama, anarudi nyuma, anaruka, na hivyo anamaliza akiba hiyo wakati wewe bado unaongea na mwenzako.

Juu kule kuna upepo karibu wakati wote. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, na pumzi za haraka hutoa maji mwilini pia. Kwa baridi ya Juni hadi Agosti mtoto hahisi kiu. Nguo yake inaweza kuwa kavu na bado amepoteza maji mengi. Hili ndilo lililonidanganya mimi.

Dalili za mwanzo ni za tabia kabla hazijawa za mwili. Msemaji ananyamaza. Mpole anakuwa mkali, analia kwa kamba ya kiatu. Anaanza kubaki nyuma, anajikwaa, anataka kukaa kila baada ya hatua chache. Ukimuuliza kama amechoka atasema hapana, hasa kama kuna watoto wengine, kwa hiyo usimuulize hivyo. Muulize kitu kinachohitaji kufikiri kidogo: mwambie ahesabu kutoka 20 kurudi nyuma au akutajie majina ya walimu wake. Akichelewa sana kujibu, simama. Baadaye ndipo huja kichwa kuuma, kichefuchefu, midomo mikavu, na mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi.

Ukisimama, mtafute pahali pasipo na upepo, nyuma ya kichaka au jiwe kubwa. Mvue nguo iliyolowa jasho, mvalishe kavu, na kofia. Mpe maji kwa funda ndogo ndogo kila dakika mbili tatu. Akinywa chupa nzima kwa mkupuo atatapika. Mpe kitu chenye sukari: ndizi mbivu, biskuti, chai yenye sukari kutoka kwenye chupa ya chai. Ngoja dakika 20. Mtoto aliyechoka tu huanza kuongea tena ndani ya muda huo, na hapo mnaanza safari ya kurudi, hata kama anasema anaweza kuendelea.

Usingoje dakika hizo ikiwa anatapika kila anachokunywa, anaongea maneno yasiyoeleweka, hataki kuamka, anapata degedege, au ngozi yake ina joto kali na amechanganyikiwa. Huyo ni wa hospitali. Aliye na joto kali mvue nguo, mweke kivulini, mloweshe maji mwilini na kumpepea mkiwa njiani. Anayetetemeka kwa baridi mfunike na mkumbatie, kifua kwa kifua, ndani ya koti lako. Asiye na fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu. Namba za dharura Kenya ni 999 na 112.

Maji, chakula na jua

Kwa matembezi ya saa tatu au nne, mtoto wa shule ya msingi apate angalau lita moja yake, na mtu mzima lita moja na nusu hadi mbili. Siku ya jua kali ongeza. Kila dakika 20 wote wanasimama na kunywa funda kadhaa, mwenye kiu na asiye na kiu. Juu hakuna bomba wala kijito cha kutegemea.

Beba pakiti moja ya ORS, ile ile tunayowapa kliniki mtoto akiharisha, na uichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani itasaidia zaidi, inadhuru.

Chakula kiwe cha kawaida: viazi vitamu vilivyochemshwa, maandazi, ndizi, mayai. Njugu karanga na peremende ngumu waachieni wakubwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayetafuna njugu huku akipanda na kuhema anaweza kuivuta ikaingia kwenye njia ya hewa.

Kuhusu jua, wengi wetu tunapima ukali wake kwa joto, na Ngong hilo halifai. Kadiri unavyopanda, hewa inayochuja miale ya jua inapungua, na upepo unaficha kuungua. Kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu inatosha kwa watoto wengi. Mtoto mwenye ualbino anahitaji zaidi: mafuta ya kukinga jua yapakwe tena kila saa mbili, miwani ya jua, na safari ianze alfajiri ili kufika saa nne asubuhi muwe mnarudi.

Kushuka ndiko kunakovunja miguu

Katika kituo chetu majeruhi wa matembezi huja jioni, na karibu wote husimulia hivyo hivyo: "Tulikuwa tumeshamaliza, tunashuka." Misuli ya mapaja imechoka, macho yako kwenye matatu, na changarawe iko pale pale. Kwenye mteremko mkali mtu mzima atangulie chini ya mtoto, hatua moja au mbili, ili mtoto akiteleza amkute. Shukeni kwa mshazari, kona kwa kona. Mahali panapotisha mtoto aketi ashuke kwa makalio. Suruali itachafuka, na sabuni ipo. Mtoto asikimbie kuteremka hata kama anaona ni mchezo. Viatu vya shule vyenye soli iliyolika na kandambili ndivyo nilivyovishona vidonda vyake mara nyingi, mtu akiniruhusu nisema hivyo.

Kifundo cha mguu kikipinduka, mtoto akae. Kama hawezi kutembea hatua nne, au anaumia sana ukibonyeza mfupa unaotokeza pembeni ya kifundo, mchukulie kama amevunjika hadi apigwe picha ya eksirei. Kwa mtoto sababu ni ya pekee: karibu na viungo mifupa yake ina sehemu laini inayokua, na mara nyingi sehemu hiyo hudhurika kabla ya mishipa inayoshikilia kiungo. Kilichokuwa kingeitwa kuteguka kwa mama yake, kwake ni kuvunjika. Mfunge kwa bendeji au leso bila kukaza, inua mguu, muwekee kitambaa chenye maji baridi, mbebeni. Tafadhali msimpeleke kwanza kwa mtu wa kukanda. Kuchuliwa kwa mafuta ya moto siku ya kwanza huongeza uvimbe, na mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kukaa vibaya na kukua vibaya.

Na mtoto mchanga mgongoni? Swali hili huleta ubishi, maana sisi sote tulilelewa kwenye leso na mama zetu walipanda vilima na kuni juu. Lakini walipanda njia walizozijua na miguu iliyozoea. Kwenye changarawe unahitaji mikono yote miwili, na ukianguka kinyumenyume anayepokea uzito wako ni mtoto. Tena huwezi kuuona uso wake. Ushauri wangu ni kwamba mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja aishie kwenye barabara ya mitambo ya upepo. Mandhari ya Bonde la Ufa yanaonekana kutoka hapo vizuri, na mtoto anaweza kunyonya akiwa amekingwa na upepo. Mama mjamzito aliyezoea kutembea naye sehemu hiyo inamfaa. Tumbo likishakuwa kubwa hubadilisha namna mtu anavyosimama, kwa hiyo miteremko aiache.

Vichakani

Watu huogopa nyoka kuliko kitu kingine chochote, ingawa mimi nimefunga vifundo vingi vya miguu na sijampokea hata mmoja aliyeumwa na nyoka Ngong. Hata hivyo moma yupo katika nyika za Kenya, analala kimya njiani au kwenye majani makavu, na huuma anapokanyagwa. Mtoto asiingize mkono chini ya jiwe wala kwenye shimo, na akienda kujisaidia nyuma ya kichaka, mtu mzima atangulie akipiga majani kwa fimbo.

Akiumwa, mweke mbali na nyoka na umtulize. Toa viatu, bangili na chochote kinachobana, kwa sababu uvimbe utakuja. Funga mguu kwenye fimbo usitikisike, kama unavyofunga uliovunjika, kisha abebwe, asitembee. Usifunge kamba ya kukaza juu ya jeraha. Kwa sumu ya moma, inayoharibu nyama, kamba hiyo inaweza kumfanya apoteze mguu. Usichanje, usinyonye, usitie jiwe jeusi, usipoteze muda kumwinda nyoka. Tiba yenyewe ni dawa ya kuzuia sumu, na hiyo iko hospitali. Mtu mmoja apige simu mbele kuuliza ni hospitali gani inayo, wengine wakiwa wanashuka.

Mwiba ni jambo dogo hadi usipotoka wote. Osha kwa maji na sabuni, utoe kwa kibanio. Ukiwa umeingia karibu na kiungo na kiungo kikavimba, njoo hospitali siku hiyo. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki 6, 10 na 14 alianza kukingwa dhidi ya pepopunda tangu hapo, lakini lete kijitabu chake tuone kama anahitaji nyongeza.

Waliohitaji kupita kliniki kwanza

Mtoto mwenye selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, ndiye ninayemwogopea kuliko wote kwenye safari za shule. Vitu vinavyoweza kumletea maumivu makali ni kukosa maji, baridi, kuchoka sana, na hewa pungufu ya mlimani. Ngong inampa vyote vinne kwa asubuhi moja. Karibu na Lamwia hewa ina oksijeni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na Mombasa. Simkatazi kila mtoto. Namtaka mzazi azungumze na kliniki yake, mwalimu ajue kwa maandishi, na mtoto abaki kwenye sehemu ya barabara, amevaa vizuri, na chupa yake mkononi. Akilalamika mifupa, kifua au tumbo upande wa kushoto juu, au akipata homa, hakuna kungoja wenzake wamalize. Anashushwa na kupelekwa hospitali. Niliwahi kumpokea msichana ambaye alikuwa amesema mara mbili kwamba mgongo unamuuma, na akaambiwa asiwe mvivu.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, ile ya kufungua kifua, na iwe kwenye mfuko wa anayetembea karibu naye. Nimeona ikiachwa ndani ya begi lililobaki kwenye gari. Upepo baridi na vumbi vya njiani vinatosha kuanzisha shambulio. Uliza kliniki kama anapaswa kuvuta kabla ya kuanza kupanda.

Wageni kutoka Pwani waliofika juzi wapewe mwendo wao. Kuhema na kichwa kuuma kidogo si ugonjwa, ila ni sababu ya kupunguza kasi.

Kabla hamjaondoka getini

Lipeni kiingilio cha KFS na muulize askari wa misitu wanaosindikiza watu. Ni vizuri kwenda katika kikundi na kuwa na mtu anayeijua njia. Angalieni mawingu. Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba mvua huja na radi mchana, na kule juu wewe ndiwe mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Mkisikia ngurumo, shukeni mgongoni mwa kilima mara moja, kaeni mbali na mti ulio peke yake na milingoti.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kuoga, mvue mtoto nguo zote na umkague: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, katikati ya mapaja, kwenye nywele. Kupe wadogo wa vichakani hawaumi kwa uchungu. Ukimwona, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, uvute polepole moja kwa moja, kisha osha kwa sabuni. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya kupe atapike ndani ya jeraha, na wewe unamwunguza mtoto. Andika tarehe. Akipata homa ndani ya wiki mbili, hasa akiwa na kidonda chenye kigaga cheusi, mwambie daktari mlikwenda Ngong na mlimkuta na kupe, hata kama kipimo cha malaria kimeshachukuliwa.